Kupima Upinde kwa Mikebe ya Maji

Ukitaka kujua nguvu za mtu, usimuulize. Hilo ndilo jambo la kwanza nataka nyinyi vijana mlishike, na mkiacha kusoma hapa hapa bado mtakuwa mmepata kitu. Mimi nimechonga pinde Kitengela miaka mingi. Nimeuzia maaskari wa ploti, walinzi wa machimbo ya mawe, wachungaji, na hata mwalimu mmoja ambaye mpaka leo sijui alitaka kupiga nini. Wote niliwauliza, "Uko na nguvu kiasi gani?" na wote walinidanganya. Wanaume wanajiongezea. Yule mwalimu peke yake ndiye alijipunguzia, na mkono wake ulikuwa kama wa fahali.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, Mzee Kilonzo, huko upande wa Machakos, baada ya mimi na shule kuachana darasa la tatu. Mjomba hakuwa na rula wala mizani. Mteja akifika alikuwa anamkaribisha chai, lakini ile chai aliitia kwa kikombe kikubwa cha chuma, kizito kama nyundo, halafu anakushikisha na kuanza kukuuliza habari za nyumbani. Habari za mama, habari za mbuzi, habari za mvua. Wewe umenyoosha mkono unangoja aache kuuliza ndio unywe. Yeye haangalii uso wako, anaangalia chai. Ikianza kutetemeka mapema, upinde wako utakuwa mwepesi, na hutajua kwa nini. Utaenda nyumbani ukisema, huyo mzee anajua kazi, upinde wake unavutika kama siagi.

Mimi nilipohamia Kitengela, miaka ya tisini ikianza, nilijaribu hiyo ya kikombe na ikanishinda. Wateja wa huku hawana wakati. Kitengela wakati huo ilikuwa maduka machache pande mbili za barabara ya Namanga, na nyuma ya maduka ni nyasi tu, asubuhi unafungua mlango unakuta punda milia wamesimama kama wapangaji wanangoja kuonyeshwa chumba. Halafu watu kutoka Nairobi na kutoka huko Central wakaanza kununua ploti, na kila ploti ikiwa na rundo la mawe na mifuko ya simiti lazima iwe na askari, na askari wa siku hizo alikuwa Mkamba mwenye upinde. Hivyo ndivyo nilikula. Wengine walinunua upinde na hawakurusha mshale hata mmoja maisha yao yote. Kazi yake ilikuwa kuonekana.

Sasa nikajitafutia kipimo changu. Nilipigilia misumari miwili minene kwenye nguzo ya banda langu. Upinde unaulaza juu ya hiyo misumari, tumbo likiangalia chini, na kwa uzi wake unatundika mtungi mtupu wa maji. Halafu unachukua kijiti cha urefu wa mvuto wa mteja, yaani pale mkono wake unapofika akivuta mpaka mwisho, unakisimamisha hapo kando. Unaanza kumimina maji kwa mkebe wa lita moja. Mkebe mmoja, miwili, mitatu, uzi unashuka pole pole. Ukifika mwisho wa kijiti, unaacha kumimina. Hiyo hesabu ya mikebe ndiyo uzito wa upinde. Mikebe kumi na mitano ni ya mtu wa kawaida. Ishirini ni ya mtu anayepiga kila wiki. Ikipita hapo unatundika mtungi wa pili, na unamwangalia mteja vizuri, kwa sababu mara nyingi anayetaka mtungi wa pili ni mtu wa maneno.

Kama Musembi. Huyu alikuwa askari wa ploti ya mama mmoja wa Nyeri, jitu refu, kifua hapa. Alitaka mikebe thelathini. Nikamwambia, Musembi, chukua kumi na minane, utanishukuru. Akasema, "Fundi, hii mwili unaona ni ya kumi na minane?" Nikampa thelathini yake, nikiwa na kiburi pia, maana upinde wenyewe ulitoka mzuri. Siku ya pili yule mama akaja kuangalia ploti yake na kumwambia mlinzi wake aonyeshe anavyopiga. Musembi alivuta mpaka macho yakawa mekundu, uzi ukasogea kama shibiri moja hivi, mguu ukaanza kucheza, akaachilia, na mshale ukaenda kuanguka kwa simiti. Yule mama alimwangalia kwa upole sana. "Musembi," akasema, "kesho njoo na filimbi." Tangu hapo watoto wote wa mtaa walimwita Filimbi.

Mtaniuliza kama hiyo mikebe ilikuwa ya kweli. Hata mimi nilijiuliza. Jirani yangu Abdi, aliyekuja kutoka Garissa akafungua bucha karibu na kwangu, aliniletea mizani yake ya kutundika nyama siku moja wateja wamepungua. Tukapima upinde mmoja kwa mikebe, halafu kwa mizani. Tofauti ilikuwa kama kipande cha maini. Abdi akaniangalia akasema, "Ndugu yangu, wewe ungeuza nyama ungekuwa masikini. Unapima vizuri sana."

Mti wa upinde ni mulawa, ndivyo tunavyouita kwa Kikamba. Wamaasai wanauita esiteti, wao wanapenda kuchonga fimbo. Unaukata ukiwa mnene kama kifundo cha mkono, hauna matawi mengi, unauweka juu ya moshi wa jikoni miezi mitatu, na mke wako atalalamika hiyo miezi yote mitatu. Wangu, Mama Mwende, alikuwa anasema ameolewa na kuni. Unachonga kwa panga, halafu kwa kisu, halafu mwisho kwa kipande cha chupa, na kila siku unapaka mafuta ya kondoo. Uzi ulikuwa wa mishipa ya mgongo wa ng'ombe, ile ya kusokotwa. Baadaye nailoni ikaja, na sitawadanganya, nilifurahi. Mishipa ikinyeshewa inalegea, na panya wanaila.

Lakini haya yote niliyajua na bado nilikosea, na kosa lenyewe ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kulikuwa na mzee wa Kimaasai anaitwa Parsaloi, boma yake iko upande wa Isinya. Huyu hakuwa mtu wa pinde kubwa. Alikuwa mpiga ng'ombe. Kama hamjui, Wamaasai wanatoa damu kwa ng'ombe bila kumuua. Vijana wanamshika pembe, anafungwa ukanda wa ngozi shingoni mpaka mshipa unavimba, halafu mtu anapiga huo mshipa kutoka karibu sana, hatua moja hivi, kwa upinde mdogo. Mshale wake umefungwa kizuizi karibu na ncha, kwa hivyo unaingia kiasi cha kucha ya kidole tu na kuruka nje. Damu inakingwa kwa kibuyu, ukanda unafunguliwa, ng'ombe anaenda kula majani. Ukikosea mshipa, ng'ombe ameumia bure. Ukipiga kwa nguvu sana, mshipa unapasuka vibaya. Ukipiga kwa unyonge, mshale unagonga ngozi na kuanguka, na watu wanacheka. Parsaloi alikuwa ameitwa boma nyingi za huko tangu akiwa kijana, na hakuna ng'ombe aliyehitaji mshale wa pili.

Siku alipokuja kwangu alisimama mlangoni na blanketi lake.

"Sopa, Mkamba."

"Epa, Mukavi," nikamjibu, kwa jina sisi Wakamba tunalowaita Wamaasai. "Umekuja kurudisha ng'ombe za babu yangu?"

"Zile zilikuwa zetu. Zilikuwa zimekuja kwenu kutembea tu."

Tukacheka, akakaa, na hapo nikaona bega la kulia limeshuka. Akaniambia fahali alimbana kwa mbao za josho siku ya kuogesha ng'ombe. Mfupa ulikuwa umepona, lakini ulipona vile ulitaka wenyewe. Upinde wake wa zamani hawezi tena kuuvuta. Na mke wa mtoto wake, anaitwa Naserian, alikuwa na mimba, imebaki kama miezi miwili. Kwao mama akizaa anapewa damu arudishe mwili, na wa kupiga huyo ng'ombe ni yeye.

"Ama nilikuwa mimi," akasema. "Ndugu yangu mdogo, Sankale, anasema sasa mimi nipige stori, ng'ombe atapiga yeye. Nikikosa hapo kwangu, mbele ya watu wangu, hakuna boma itaniita tena. Watakuwa wanamwita Sankale."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Upinde wa kazi hiyo ni mikebe minane. Na hapa ndipo nilikosea. Nilitakiwa kumwambia anyooshe mkono, avute, nione unafika wapi, nikate kijiti. Lakini Mama Mwende alikuwa pale anapepeta mahindi, na nikaona haya kumwambia mzee anyooshe mkono mbovu mbele ya mwanamke. Nikatumia kijiti changu mwenyewe. Halafu nikaona, bega la masikini limeumia, wacha nipunguze. Badala ya mikebe minane nikampa mitano. Nikauchonga vizuri, nikaupaka mafuta, akaenda nao akishukuru.

Wiki tatu baadaye akarudi. Alikuwa ametundika ngozi kavu kwa ua la boma ili ajaribu. Mshale ukagonga ngozi na kuanguka miguuni pake. Akajaribu tena na tena. Sankale alikuwa ameegemea mlango wa zizi anaangalia, na kufikia jioni hata wauza mbuzi wa soko la Kiserian walikuwa na hiyo habari.

Parsaloi aliuweka upinde juu ya meza yangu, hakuutupa. Angeutupa ningejisikia vizuri zaidi.

"Huu ni wa watoto," akasema. "Ulinihurumia."

"Nilitaka usiumie, mzee."

"Nilikuja kununua upinde. Huruma niko nayo nyingi nyumbani."

Nikaanza kuongea habari za mti, nikisema labda haukukauka, mambo ya uongo tu. Wakati huo mbuzi wetu mmoja, beberu mkorofi, akavunja uzio akaingia kwa sukuma wiki ya Mama Mwende. Mama Mwende akapiga kelele. Parsaloi alikuwa karibu zaidi. Akainuka, akainama, akamshika yule beberu mguu wa nyuma kwa mkono wa kulia, ule wa bega bovu, na kumvuta kinyumenyume kutoka kwa shamba mpaka mlangoni, beberu akilima ardhi kwa kwato. Akamwachilia na kujipangusa kwa blanketi.

Mama Mwende aliniangalia. "Baba Mwende," akasema, "huyo mzee ulimpima ama ulijipima?"

Nikawa kama nimemwagiwa maji. Mnaelewa? Mkono wake ulikuwa na nguvu zake zote. Kilichopotea ni nafasi. Ukiwa chini, karibu na kiuno, ulivuta beberu mzima. Ukiinuka kufika kifuani, bega linakataa. Mimi nilikuwa nimepima mikebe mitano kwa kijiti changu kirefu, na yeye alikuwa anavuta nusu ya hiyo safari. Kwa nusu ya safari, upinde wa mikebe mitano unakupa miwili, na mikebe miwili haipigi hata mende.

Nikatoa kigoda cha kukamulia, nikamwambia akae. Safari hii sikuona haya. "Mzee, vuta uzi huu ukiwa umekaa, kiwiko kikae chini, mpaka pale bega litakataa."

Akavuta. Uzi ukarudi shibiri moja na vidole vinne, ukasimama.

"Hapo mlango unafungwa," akasema.

"Unauma?"

"Hapana. Umefungwa tu."

Nikakata kijiti cha urefu huo huo, kifupi mpaka Mama Mwende akacheka. Upinde niliotakiwa kuchonga ulikuwa mfupi sana, mnene katikati, na mgumu, ili kwa hiyo safari ndogo utoe mikebe minane kamili. Uzi pia nilitakiwa kuuweka mbali zaidi na mti kuliko kawaida, ili mshale usukumwe mapema. Sikuwa nimewahi kuchonga kitu kama hicho. Mkono wa kawaida haungeuelewa. Mti wangu mkavu ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wa askari mmoja wa machimbo aliyeungoja tangu mwezi uliopita. Nikaukata katikati. Yule askari hakuniongelesha mpaka Krismasi.

Nilivunja kipande cha kwanza. Nilikichonga upande mmoja ukawa mwembamba kuliko mwingine, na upinde mfupi hausamehe, kosa la unene wa kucha linaonekana. Cha pili nikakichonga siku sita, nikimimina mikebe asubuhi na jioni. Siku ya kwanza ilikuwa kumi na miwili. Nikakwangua kwa chupa, ikawa kumi na mmoja. Mnaona, kupunguza unaweza, kurudisha huwezi. Ukifika karibu, unakwangua mara tatu, unapima, unakwangua mara tatu, unapima. Siku ya sita, mikebe minane, uzi ukagusa kijiti.

Asubuhi ya kesho yake dereva wa lori ya mchanga inayotoka Kajiado akasimama mbele ya banda na kuniita kutoka juu. "Fundi, kuna mzee Isinya amesema nikuambie mtoto amefika. Amefika mapema. Anasema uje na kile kitu."

Hakukuwa na wakati wa kukijaribu hata kwa ngozi. Nikapanda lori nyingine ikienda kule.

Nilikuta watu kama ishirini kwa zizi. Dume jekundu lilikuwa limeshikwa pembe na vijana wanne, ukanda shingoni, mshipa umesimama kama kamba. Sankale alikuwa hapo, mrefu, mikono mpaka magotini, na upinde wake tayari. Akaangalia kile nilicholeta.

"Mkamba, huo ni upinde ama umemletea kijiko?"

Watu wakacheka. Parsaloi hakucheka. Akauchukua, akauvuta kidogo akiwa amesimama, ukakataa. Nikamnong'onezea, "Kaa." Akaitisha kigoda. Sasa ndio walicheka kabisa, maana hakuna mtu alikuwa ameona mpiga ng'ombe ameketi.

"Kaka yangu," Sankale akasema, na hakuwa anasema vibaya, "mke wa mtoto anangoja. Mshale mmoja. Ukianguka, mimi napiga, na tusiongee tena hiyo maneno."

"Mshale mmoja," Parsaloi akasema.

Akakaa, kiwiko karibu na kiuno. Niliangalia vidole vyake tu. Uzi ukarudi shibiri moja, kidole, kidole, kidole, kidole. Sikusikia mlio wowote. Niliona mshale uko chini kwa mavi ya ng'ombe na moyo wangu ukaanguka nao, halafu nikasikia ile sauti ya maziwa yakikamuliwa kwa kibuyu, lakini ilikuwa damu, nyekundu, imejipinda kama utepe, na mama mkwe wa Naserian ameikinga bila kupoteza tone. Dume halikuruka hata. Ukanda ukafunguliwa, wakabandika mavi kidogo pale shingoni, dume likaenda zake. Kibuyu kikaingia nyumbani kwa mama mzazi.

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee wawili walisogea tu, wakamwekea Parsaloi nafasi ya kukaa katikati yao. Mmoja akamwambia boma yake itakuwa na vijana wa kutahiriwa mwezi wa nane, na asisahau kuja na kigoda.

Sankale akaokota ule upinde. Alikuwa mtu mwenye roho safi, sema tu hakuweza kuacha kitu bila kukigusa. Akasimama vizuri, akaangalia ile ngozi kavu bado iko kwa ua, akavuta kama vile mtu mwenye bega zima anavuta, mpaka sikioni. Nilifungua mdomo kumwambia asivute. Upinde ukalia kama kiboko na kubaki vipande viwili mkononi mwake.

Siku sita za kazi yangu, na mti wa mtu. Sankale akamwangalia kaka yake kama mtoto aliyevunja kibuyu. Na Parsaloi akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika bega, akasema, "Wacha. Wacha hivyo hivyo. Mkamba, kile kijiti bado unacho?"

"Kiko kwa ukuta, mzee."

"Basi."

Nilirudi na lori ya mchanga, vipande viwili mapajani. Pale karibu kufika Kitengela dereva alishindwa kuvumilia. "Mzee, kitu chako kimevunjika na unacheka peke yako tangu Isinya. Ulikuwa mbaya?"

Nikamwambia ulikuwa mzuri sana. Umevunjwa na mtu ambaye sikumpima.